Mto Nairobi na Watu Wake: Somo la Kurudisha Ujirani

Wasomaji wetu, katika somo hili twataka kueleza habari za mto ambao jina lake lajulikana duniani kote, lakini maji yake ni wachache wanaotaka kuyagusa. Mto huo ni Mto Nairobi. Uchafu wake umekwisha kusemwa mara nyingi, na hapana haja ya kurudia hayo tu. Sisi twauliza jambo jingine: Ilikuwaje watu wakaacha kuwa majirani wa mto wao, na ni njia gani iwezayo kuwarudisha? Kwa maana taka huzolewa kwa koleo siku moja; lakini ujirani ukiwa umevunjika, taka hurudi siku ya pili.

Somo lina sehemu sita. Anayesoma peke yake na asome polepole. Wanaosoma pamoja, katika baraza au katika darasa la watu wazima, na wasome sehemu moja kisha wazungumze. Maswali yako mwishoni.

1. MTO WATOKA WAPI, NAO WAENDA WAPI

Jina la Nairobi limetoka katika lugha ya Kimasai. Wamasai walipaita mahali hapa kwa maneno yenye maana ya maji baridi, nao walinywesha ng'ombe wao hapa. Upande wa juu, katika nchi ya Wakikuyu, mito ilikuwa mipaka baina ya mgongo mmoja wa nchi na mgongo mwingine. Wanawake walichota maji humo, na vijana waliokuwa wakienda kutahiriwa waliingia kwanza katika maji baridi ya mto wakati wa alfajiri. Basi katika siku hizo mtu hakuweza kuishi bila kuukaribia mto. Alipozaliwa aliogeshwa kwa maji yake, na alipokuwa mtu mzima alijua kina chake, vivuko vyake na tabia yake wakati wa masika.

Mto Nairobi huanza katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, katika Kaunti ya Kiambu. Hupita katikati ya jiji, kisha huungana na ndugu zake wawili: Mto Mathare utokao kaskazini, na Mto Ngong utokao kusini. Yote mitatu humwagikia Mto Athi. Athi nao hupita katika maporomoko yaitwayo Fourteen Falls, karibu na kilima cha Ol Donyo Sabuk, hushuka Ukambani, hupita Tsavo na kuitwa Galana, na karibu na pwani huitwa Sabaki. Mwisho huingia katika Bahari ya Hindi, kaskazini kidogo ya Malindi, baada ya safari ndefu.

Angalieni jambo hili vizuri. Takataka inayotupwa majini penye soko la Gikomba haikai Gikomba. Inaondoka kwenda kwa watu wengine ambao aliyeitupa hawajui, nao hawamjui. Mkulima wa Ukambani anayechota maji ya Athi ni jirani wa mtu wa Nairobi, ingawa hawajapata kuamkiana hata siku moja.

2. JINSI UJIRANI ULIVYOVUNJIKA

Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899. Wajenzi walipachagua mahali hapa kwa sababu palikuwa na maji, na palikuwa tambarare kabla ya kuanza kupanda milima. Maana yake ni kwamba jiji lote hili lipo hapa kwa ajili ya mto. Bila mto, pengine reli ingaliweka kambi yake mahali pengine.

Lakini mji ulipokua, maji ya karibu hayakutosha, na ikabidi kuyaleta kwa mabomba kutoka mbali. Bwawa la Sasumua lilimalizika mwaka 1956, na Bwawa la Ndakaini mwaka 1994. Yote mawili hupata maji yake kutoka milima ya Nyandarua. Hili halikuwa kosa, kwa maana watu wengi hawawezi kuishi kwa kijito kimoja. Walakini kulikuwa na matokeo ambayo hayakutazamiwa. Mtu anywaye maji ya kisima hukitazama kisima chake kila asubuhi. Akiona jambo baya hupiga kelele. Mtu anywaye maji ya bomba hulitazama bomba. Basi mto uliokuwa mlangoni ukawa nyuma ya nyumba. Majengo yalielekezwa barabarani, na mto ukapewa kisogo. Na kila mtu ajua ni vitu gani vitupwavyo nyuma ya nyumba.

Mfano mmoja ni Bwawa la Nairobi, lililo karibu na Kibera. Lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya kunywa, na kwa miaka mingi watu walikuwa wakienda huko kucheza na mashua za tanga. Baadaye maji machafu yaliingia pamoja na takataka na udongo, na gugumaji likatanda juu yake hata mgeni akipita aweza kudhani ni shamba. Lilipokoma kutumiwa, lilikosa pia watu wa kulililia.

Yafaa tuseme ukweli juu ya wenye hatia. Mara nyingi lawama huwekwa juu ya maskini waishio kando ya mto katika vibanda vya mabati. Ni kweli kwamba taka zao nyingi huingia majini. Lakini mahali pengi hawana mfereji wa maji machafu, wala gari la kuchukua taka haliwezi kupita katika vichochoro vyao. Wako wengine wasiokuwa na udhuru huo. Yuko mwenye nyumba ya ghorofa aliyeunganisha bomba la vyoo na mfereji wa maji ya mvua ili apunguze gharama. Yuko mwenye kiwanda afunguliaye maji yenye dawa usiku, wakati hakuna amwonaye. Yuko fundi wa magari amwagaye oili chafu ardhini, akijua kwamba mvua itaichukua. Mtu wa kibanda huonekana kwa sababu yuko karibu na mto. Hawa wengine hawaonekani, kwa sababu bomba lao limefukiwa.

3. JINSI MTO UNAVYOKUFA

Watu husema kwamba mto umekufa, lakini maji bado yanakwenda. Maana yake nini?

Samaki na wadudu wa majini huvuta hewa kama sisi, ila wao huvuta hewa ya oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Kinyesi, damu ya machinjioni na mabaki ya chakula yakiingia mtoni, vijidudu visivyoonekana kwa macho huanza kuyala. Vijidudu hivyo navyo hutumia oksijeni. Uchafu ukiwa kidogo, mto hujitakasa wenyewe, kwa maana maji yanapoanguka juu ya mawe huchukua hewa mpya. Uchafu ukizidi, vijidudu huimaliza oksijeni yote. Hapo samaki hufa, na vijidudu vya namna nyingine, visivyohitaji oksijeni, hushika kazi. Hivyo ndivyo vitoavyo ule uvundo wa mayai yaliyooza.

Habari njema ni kwamba kifo cha namna hii si cha milele. Uchafu ukizuiwa, oksijeni hurudi, na viumbe hai hufuata.

Lakini iko sumu ya namna ya pili isiyooza wala kuliwa na vijidudu, nayo ni madini mazito, kama vile risasi itumikayo katika betri za magari. Hukaa katika tope miaka mingi, na mimea yaweza kuyavuta kwa mizizi. Mtu akimwagilia sukumawiki kwa maji hayo, mboga zaweza kuwa nzuri machoni, na kuosha majani hakuondoi kilichomo ndani. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa juu ya jaa la taka la Dandora, ambalo liko karibu na Mto Nairobi. Watoto 328 waliokuwa wakiishi au kusoma karibu na jaa hilo walipimwa. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu iliyofikia au kupita kipimo kilichokubaliwa ulimwenguni wakati huo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto anayekua. Basi tunaposema habari za mto, twasema pia habari za mtoto atakayeshindwa kusoma darasani bila mwalimu wake kujua sababu.

4. MFANO WA MTO THAMES

Mtu aweza kuuliza: Je, yuko aliyepata kuufufua mto uliokufa? Jibu ni ndiyo, na yafaa tutazame jinsi ilivyokuwa, maana mfano huo una mafundisho mawili.

Katika karne ya 19 mji wa London uliutia uchafu wake wote katika Mto Thames, na watu wengi walikunywa maji ya mto huo huo. Kipindupindu kiliua maelfu ya watu, hasa mwaka 1849 na mwaka 1854. Hata hivyo kazi kubwa haikuanzishwa mpaka kiangazi cha mwaka 1858, wakati uvundo ulipozidi mno. Bunge la Uingereza liko ukingoni mwa mto huo, na mapazia yake yalilowekwa katika dawa ya chokaa ili kupunguza harufu. Sheria ya kujenga mifereji ilipitishwa mwaka huo huo, na injinia Joseph Bazalgette akapewa kazi. Fundisho la kwanza ni hili: maskini walikuwa wamekufa miaka mingi, lakini kazi ilianza harufu ilipofika katika pua za wakubwa. Mto hutengenezwa upesi wakati wenye amri wanapokuwa majirani zake.

Mifereji ya Bazalgette iliokoa maisha ya wengi. Lakini haikuusafisha uchafu. Iliuchukua tu na kuumwaga upande wa chini, mashariki ya mji. Mwaka 1878 meli ya abiria iitwayo Princess Alice ilizama karibu na mahali hapo, na zaidi ya watu 600 walikufa, wengine wakiwa wameangukia katika maji yaliyojaa kinyesi. Hata mwaka 1957 wataalamu walisema kwamba sehemu ya Thames ipitayo London haina uhai. Ndipo mitambo ya kusafishia maji machafu ilipotengenezwa upya, na mwaka 1974 samaki aitwaye samoni, apendaye maji safi, alionekana tena. Fundisho la pili ni hili: kuondoa uchafu mbele ya macho yako na kuupeleka kwa jirani wa chini hakuuponyi mto. Ni kuhamisha ugonjwa.

5. MAMBO YALIYOJARIBIWA NAIROBI

Sasa na turudi nyumbani. Watu wa Nairobi hawakukaa kimya. Mwaka 1999 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa pamoja na washirika wengine walianzisha mpango wa kutengeneza bonde la Mto Nairobi. Mwaka 2008 John Michuki alifanywa Waziri wa Mazingira, naye akashika kazi ya kusafisha mto kwa nguvu aliyojulikana nayo. Karibu na mzunguko wa barabara wa Globe gereji ziliondolewa, taka zikazolewa, miti ikapandwa. Wapita njia walistaajabu kuona maji mahali walipozoea kuona jalala. Michuki alifariki mwezi wa Februari 2012, na bustani hiyo ikapewa jina lake. Lakini baada yake uangalizi ulilegea, na gereji na waosha magari wakarudi. Ilibidi bustani itengenezwe upya mwaka 2020. Amri ya mtu hodari ilisafisha mto; haikuweza kuulinda mtu huyo alipoondoka.

Sasa linganisheni na jambo lililofanyika Korogocho. Huko kundi la vijana liitwalo Komb Green, ambalo baadhi ya watu wake walikuwa wamewahi kuishi kwa uhalifu, lilianza kuzoa taka katika ukingo wa mto. Mahali palipokuwa jaa na maficho ya wezi walipafanya bustani ya watu wote, wakapanda miti na mboga, na watoto wakapata uwanja wa kuchezea. Maji yenyewe hayakuwa safi kwa ajili ya kazi hiyo, kwa sababu uchafu wa upande wa juu uliendelea kuja. Lakini ukingo ulipata wenyewe. Mtu akileta mkokoteni wa taka huulizwa aenda wapi. Swali hilo moja, likiulizwa na jirani mchana na usiku, laweza kushinda askari apitaye mara moja kwa mwezi.

Iko pia habari ya huzuni. Katika mvua kubwa za Aprili na Mei 2024 mito ya Nairobi ilifurika na kuingia katika nyumba za watu, hasa Mathare. Katika Kenya nzima zaidi ya watu 200 walikufa kwa mafuriko ya msimu huo. Serikali iliwaamuru watu waliokaa ndani ya mita 30 za ukingo waondoke, na nyumba nyingi zikabomolewa. Wengi walisema kwamba hawakuwa na mahali pa kwenda. Hapa pana jambo zito ambalo kila baraza lapaswa kulipima. Mto wahitaji nafasi yake wakati wa gharika, na aliyejenga katika nafasi hiyo yumo hatarini. Lakini mtu aliyefukuzwa mtoni bila mahali pa kukaa hawezi kuwa rafiki wa mto. Atauona kuwa sababu ya msiba wake, naye atarudi kwa sababu ya umaskini.

Mwaka 2022 iliundwa Tume ya Mito ya Nairobi, na mwezi wa Machi 2025 serikali ilizindua kazi kubwa ya kuutengeneza upya mto kwa urefu wa kilomita 27 hivi. Kazi ya mitambo na mifereji ni ya lazima, na hakuna mwananchi awezaye kuifanya kwa mikono yake. Lakini mfereji mpya usio na majirani wa kuulinda hutobolewa na kuzibwa kama ule wa zamani.

6. KAZI YA KILA MMOJA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi kila mtu na aanze mahali alipo.

Mkulima wa Kiambu, aliye karibu na chemchemi: Usilime mpaka ukingoni. Kanuni za mwaka 2006 juu ya ubora wa maji zilitaka ukingo uachwe, upana usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande. Panda mianzi au majani ya kulishia ng'ombe yashike udongo. Usipande mikaratusi karibu na kijito, kwa maana hunywa maji mengi. Wala usioshe pampu ya dawa ya mimea mtoni.

Mtu wa mjini: Ujue maji machafu ya nyumba yako yaenda wapi. Mwulize mwenye nyumba. Ukiwa fundi, weka oili chafu katika pipa upate kuiuza kwa wanaoitengeneza tena. Ukiwa mwalimu, wapeleke watoto wauone mto, waandike rangi na harufu yake kila mwezi. Mtoto aliyeuandika mto katika daftari lake hatausahau.

Mtu wa upande wa chini, tangu Ukambani hata Malindi: Usinyamaze. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilifungua njia ya vyama vya watumiaji maji, ili watu wa juu na watu wa chini wa mto mmoja wakae pamoja na kusikilizana. Ingia katika chama hicho.

Na wote wajue haki yao. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 70 chamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa, wala hana haja ya kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe au mtu mwingine amepata hasara. Maana yake ni kwamba sheria imemhesabu kila mmoja wetu kuwa jirani wa mto, hata kama bomba lake latoka mbali.

Kazi hii ni ndefu. London ilichukua zaidi ya miaka mia moja, nasi hatuna ruhusa ya kungoja muda huo, kwa kuwa tumekwisha kuona makosa yao. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Nairobi imekwisha kuvua nguo mara kadhaa tangu mwaka 1999; sasa imebaki kuingia majini na kukaa humo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Mto ulio karibu nawe waanzia wapi, na ni watu gani waupokeao baada yako?

2. Kwa nini watu waliopata maji ya bomba waliacha kuulinda mto? Je, jambo hilo limetokea katika mji wenu?

3. Kuna tofauti gani kati ya bustani iliyosafishwa kwa amri na ukingo uliosafishwa na wakaao hapo? Je, njia zote mbili zahitajiwa?

4. Mtu aliyejenga ukingoni kwa sababu ya umaskini yapasa atendewe nini, ili yeye apone na mto upone?

5. Taja jambo moja ambalo kundi lenu laweza kulifanya kabla ya mvua zijazo, na mtu atakayeulizwa habari zake.